Namna ya Kuhakiki Gemu za Zamani na za Mkononi, Hatua kwa Hatua

Mwaka 2001 kampuni ya Konami ilitoa gemu ya Castlevania: Circle of the Moon kwa ajili ya Game Boy Advance, kifaa cha mkononi cha Nintendo ambacho kioo chake hakikuwa na taa. Ngome ilikuwa ya giza, popo wa giza, na mchezaji ilimbidi ajikunje chini ya balbu ndipo amwone adui anayemmaliza. Mwaka uliofuata ikaja Harmony of Dissonance, na safari hii watengenezaji walimimina rangi kali na kumzungushia shujaa mstari wa buluu ili asipotee machoni. Zicheze zote mbili leo kwenye kioo chenye taa uone mambo yanavyogeuka: ile ya kwanza ina uzuri wa kutisha unaokaa rohoni, na ile ya pili inachoma macho.

Sasa mhakiki aseme nini? Akisema Circle of the Moon inaonekana vizuri, anasema kweli. Aliyeinunua mwaka ule akisema haionekani, naye anasema kweli. Uhakiki wa gemu ya zamani, hasa ya mkononi, hubeba maswali mawili kwa pamoja: gemu hii ilikuwa nini kwa mtu ambaye ilitengenezwa kwa ajili yake, na ni nini kwa mtu anayeiwasha leo? Mapitio mengi yanayoandikwa na sisi tunaocheza kwa kupenda tu hujibu swali moja na kulisahau jingine. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili yote mawili yapate jibu.

Hatua ya 1: Chagua gemu unayoweza kuimaliza

Usianze na gemu ndefu inayodai miezi. Super Mario Land ya 1989 ina levo 12 tu, na Kirby's Dream Land ya 1992 ina levo tano. Mchezaji mzoefu huzimaliza kwa mkao mmoja, kisha anazirudia mara ya pili na ya tatu, na mara hizo za kurudia ndizo zinazofundisha macho. Kirby's Dream Land ina siri pia: kwenye skrini ya mwanzo ukibonyeza Juu, Select na A kwa pamoja, gemu inafunguka upya ikiwa na ukali mwingine kabisa. Aliyeimaliza mara moja akaandika kwamba ni nyepesi mno hakuiona yote.

Ushauri mwingine: uhakiki wako wa kwanza usiwe wa gemu uliyoipenda utotoni. Mapenzi hayo yana nafasi yake, na mimi ninayaheshimu sana, lakini vidole vya mtu huyo vinaijua njia, masikio yanaujua wimbo, na ugumu ambao mgeni angekutana nao yeye hauoni tena. Zoeza macho kwa gemu ngeni kwanza. Ukirudi baadaye kwa ile ya utotoni utaweza kumwambia msomaji kipi kimo kwenye katriji (kile kisanduku kidogo kinachobeba gemu) na kipi kimo moyoni mwako.

Hatua ya 2: Jua hasa ni toleo gani ulilonalo

Jina moja linaweza kubeba gemu tatu tofauti. Link's Awakening ilitoka mwaka 1993 kwenye Game Boy ya vivuli vinne, ikarudi 1998 ikiwa na rangi na pango jipya la ziada, kisha ikaundwa upya kabisa mwaka 2019 kwa ajili ya Nintendo Switch. Katriji za mwanzo za 1993 zina hitilafu maarufu: ukibonyeza Select wakati skrini inahamia sehemu nyingine, shujaa anatokea upande wa pili kabisa, na kwa njia hiyo watu huruka sehemu kubwa za gemu. Katika matoleo ya baadaye hitilafu hiyo ilizibwa. Ukimsifu au kumlaumu mtengenezaji bila kutaja toleo, msomaji hajui unazungumzia lipi.

Kwa gemu za kuchezea kwenye televisheni, nchi ya toleo ni jambo kubwa zaidi. Televisheni za Ulaya zilikwenda kwa hezi 50 (yaani mara 50 kwa sekunde), za Japani na Marekani kwa hezi 60, na gemu ambayo haikurekebishwa ilikwenda Ulaya polepole kwa takriban asilimia 17. Sonic the Hedgehog ya 1991 kwenye mashine ya Sega iitwayo Mega Drive, toleo la Ulaya, ilikuwa hivyo, hadi muziki wake ukavutika. Mtu akilalamika kwamba Sonic ni mzito, mwulize kwanza alicheza toleo la wapi. Muziki nao hubadilika: toleo la Kijapani la Castlevania III, la mwaka 1989, lilikuwa na chipu ya VRC6 ndani ya katriji iliyoongeza chaneli za sauti, na matoleo ya nje hayakuwa nayo. Nyimbo ni zile zile, lakini uzito wake masikioni ni tofauti.

Vifaa vya mkononi vina raha moja hapa. Kila kimoja kina kioo chake, kwa hiyo Game Boy ilikwenda kasi moja duniani kote, na katriji ya nchi moja ilikubali kwenye mashine ya nchi nyingine. Tatizo lake ni jingine: gemu nyingi za mkononi zilihamishwa kutoka kwenye mashine za nyumbani na kukatwa ili zitoshe. Super Mario World ilipoletwa kwenye Game Boy Advance chini ya jina Super Mario Advance 2, picha ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 256 kwa 224 ilibidi iingie kwenye kioo cha 240 kwa 160. Kingo zikapotea, rangi zikapaushwa ili zionekane kwenye kioo kisicho na taa, na wahusika wakapewa sauti za kuongea. Atakayehakiki toleo hilo ahakiki hilo hilo, si lile la televisheni analolikumbuka.

Kama una katriji kuukuu, ikague kabla hujaanza. Gemu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 huhifadhi maendeleo ya mchezaji kwa nguvu ya betri ndogo ya duara iliyo ndani ya katriji, na betri hizo zinakufa. Pokémon Gold na Silver huwahi zaidi, kwa sababu betri ile ile huendesha saa isiyosimama. Kuna pia katriji bandia nyingi sokoni, hasa za Pokémon, na nyingi kati yake hupoteza data bila taarifa. Jaribio lake ni rahisi: hifadhi, zima, acha mpaka kesho, washa. Kama katriji haiwaki, safisha meno yake ya shaba kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili na uyaache yakauke. Usiyapulize kwa mdomo. Unyevunyevu wa pumzi ndio unaoyatia kutu.

Juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika jina la gemu, mwaka, nchi ya toleo na kifaa unachotumia. Mistari hiyo itaingia kwenye uhakiki wenyewe baadaye.

Hatua ya 3: Tengeneza kioo na sauti kabla ya kuhukumu

Unaweza kutumia kifaa cha asili, kifaa kipya cha mkononi kilichotengenezwa kwa ajili ya gemu za zamani, au emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, kwenye simu au kompyuta. Zote ni njia halali za kuhakiki, mradi nakala ya gemu umeipata kihalali na msomaji umemwambia umetumia ipi. Nintendo, kwa mfano, tangu 2023 huwapa wanachama wa huduma yake ya Switch baadhi ya gemu za Game Boy, kwa hiyo si lazima uwinde katriji.

Kwenye Game Boy ya asili, kioo ni cha pikseli 160 kwa 144, hakina taa, na kinachelewa kubadilika kiasi kwamba kitu kinachokimbia huacha mkia wa ukungu nyuma yake. Ubavuni kuna gurudumu dogo la kurekebisha ung'avu. Lizungushe mpaka mwisho wa huku na wa kule kabla ya kuandika kwamba picha imefifia.

Kwenye vifaa vipya na emuleta, jambo la kwanza ni ukubwa wa picha. Chukua kioo cha 640 kwa 480, ambacho ni cha kawaida kwenye vifaa vidogo vya siku hizi. Picha ya Game Boy ikizidishwa mara tatu inakuwa 480 kwa 432, inabaki na ukingo mweusi, na kila pikseli inatoka mraba safi. Ukiilazimisha ijaze kioo, baadhi ya pikseli zinanenepa kuliko nyingine, na skrini inapotembea utaona maandishi na vigae vikitetemeka. Wengi huona tetemeko hilo wakadhani ni uchoraji mbovu. Tafuta kwenye mipangilio chaguo la kuzidisha kwa namba kamili, uliwashe. Baadhi ya vioo vimepimwa makusudi: Analogue Pocket ina 1600 kwa 1440, mara kumi kamili ya Game Boy, na kioo cha 720 kwa 480 ni mara tatu kamili ya Game Boy Advance.

Rangi ni jambo la pili. Kwa kuwa kioo cha Game Boy Advance kilikuwa na giza, wachoraji wengi waliongeza mwanga kwenye rangi zao. Emuleta nzuri, mGBA mojawapo, zina chaguo la kurekebisha rangi ili zifanane na kioo cha asili. Cheza dakika chache likiwa limewashwa, dakika chache likiwa limezimwa, na uandike tofauti uliyoiona. Sentensi moja kuhusu hilo ina faida kuliko aya nzima ya kusifu michoro.

La tatu ni kuchelewa kwa vitufe. Kati ya kidole kubonyeza na mhusika kuruka, emuleta na televisheni za kisasa huongeza muda mdogo ambao haukuwepo kwenye mashine ya asili. Kwenye gemu ya mafumbo huenda usiuhisi. Kwenye Rhythm Tengoku ya 2006, ambayo yote ni kubonyeza kwa mapigo ya muziki, utauhisi mara moja. Mother 3 ya mwaka huo huo ni hivyo hivyo: vitani unaweza kuunganisha mapigo hadi 16 kwa kufuata mdundo wa wimbo, na ukishindwa kila mara, jaribu kwanza kwenye kifaa kingine kabla hujailaumu gemu. RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, ina chaguo la kukimbiza fremu mbele linalopunguza ucheleweshaji huo.

Mwisho, vaa hedifoni. Spika ya Game Boy ni moja tu, lakini tundu la hedifoni linatoa sauti ya pande mbili. Ndani mna chaneli nne tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi linalochorwa na mtunzi mwenyewe, na moja ya mchakacho kama wa upepo au ngoma. Watunzi walizigawa kushoto na kulia kwa ustadi mkubwa, na aliyesikiliza kwa spika peke yake amesikia wimbo uliokunjwa. Muziki wa Game Boy ukiusikiliza hivyo, ukijua chaneli ni nne tu, unaanza kusikia maamuzi: hapa besi imenyamaza ili mlio wa kuruka upate nafasi, pale sauti mbili zinapokezana kana kwamba ni tatu. Mambo ya namna hiyo ndiyo msomaji anayotaka kuambiwa.

Hatua ya 4: Soma kijitabu

Gemu za zamani hazikujieleza ndani ya skrini kwa sababu nafasi kwenye katriji ilikuwa ndogo. Hadithi, vitufe na hata ramani viliwekwa kwenye karatasi. The Legend of Zelda ilipouzwa Marekani mwaka 1987 sandukuni mlikuwa na ramani na kijitabu chenye vidokezo. Anayeianza leo bila karatasi hizo anacheza gemu iliyokatwa mguu, halafu anaandika kwamba haimwelekezi mchezaji njia. Vijitabu vingi vimeskaniwa na vinapatikana. Soma ukurasa wa vitufe na ule wa hadithi, na uishie hapo. Kurasa zinazofichua mabosi, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa levo, ziache.

Hatua ya 5: Cheza saa ya kwanza bila msaada, kalamu ikiwa karibu

Usitazame video ya mtu mwingine, usisome mapitio mengine. Unataka kupata mshangao wako mwenyewe, maana hautarudi.

Kwenye daftari usiandike "nzuri" wala "mbaya". Andika tukio. Ulikufa wapi? Ulijua kilichokuua? Ulianza tena papo hapo au ulikiweka kifaa chini? Swali hilo la tatu ndilo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Gemu ngumu iliyotengenezwa vizuri inakufanya useme "hapo nimejua kosa langu", na kidole kimekwishabonyeza Start. Gemu ngumu iliyotengenezwa vibaya inakuua na kitu usichoweza kukiona, kisha inakurudisha mbali. Zote mbili watu huziita ngumu. Kazi yako ni kuzitenganisha.

Andika pia unachofundishwa bila maneno. Levo ya kwanza ikikupa shimo dogo lisiloua kabla ya shimo linaloua, hilo ni somo lililopangwa na mtu. Ukishaanza kuyaona masomo haya utayaona kila mahali, na uhakiki wako utaacha kuwa orodha ya vitu vilivyomo.

Hatua ya 6: Ipime kama gemu ya mkononi

Kwa gemu za mkononi, hatua hii ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Gemu ya televisheni inamwomba mtu aketi. Gemu ya mkononi inajua kwamba mtu ataitwa, basi litafika, betri itakwisha. Kwa hiyo usiihakiki ukiwa umeketi mezani siku nzima. Itoe nje. Icheze ukisubiri foleni, icheze kwenye gari, icheze dakika tano kabla ya kulala.

Kwanza pima inavyokubali kukatizwa. Game Boy haikuwa na hali ya usingizi, ukizima umezima. Kwa hiyo namna ya kuhifadhi ilikuwa uti wa mgongo wa gemu. Kwenye Link's Awakening unabonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja na dirisha la kuhifadhi linafunguka popote ulipo. Metroid II ya 1991 inakutaka ufike kwenye kituo maalumu, na haina ramani, kwa hiyo ukiitwa katikati ya pango unapoteza kazi uliyofanya, na ukirudi kesho hukumbuki ulikuwa wapi. Super Mario Land haihifadhi kabisa, lakini ni fupi, hivyo haiumizi sana. Advance Wars ya 2001 inakuruhusu kuacha vita katikati ya zamu na kurudi ukiwa pale pale. Uliza pia: ukirudi baada ya siku nne, gemu inakusaidia kukumbuka ulichokuwa ukifanya?

Pili, mwanga. Cheza juani, cheza chumba chenye giza. Maandishi yanasomeka? Adui anatofautiana na ukuta? Kuna gemu zilizogeuza mwanga kuwa sehemu ya mchezo: Boktai ya 2003 ina kihisi cha jua ndani ya katriji, na silaha ya shujaa hujazwa nguvu kwa kutoka nje juani. Emuleta kadhaa hukuruhusu kupandisha jua kwa kitufe. Ni msaada mkubwa kwa asiye na katriji, lakini aliyecheza hivyo aseme, maana kutoka nje ndiko gemu yenyewe ilikotaka uifuate.

Tatu, mikono. Shika kifaa nusu saa mfululizo, kisha sikiliza vidole. Gemu inayokutaka ushike B ya kukimbia huku ukibonyeza A ya kuruka ni rahisi kwenye kifaa kikubwa na ni mateso kwenye kidogo. Taja ukubwa wa kifaa chako.

Nne, zima sauti kabisa kwa muda. Wengi hucheza hadharani bila sauti. Kama gemu inategemea mlio kukuonya, msomaji anahitaji kujua.

Betri nayo ina historia yake, na inasaidia kuelewa kwa nini baadhi ya gemu zilipangwa zilivyopangwa. Game Boy ya kwanza ilikula betri nne na kukaa saa nyingi. Game Gear ya Sega, yenye rangi na taa, ilikula sita na kuzimaliza kwa takriban saa tatu hadi tano. Hesabu hiyo mchezaji alikuwa nayo kichwani kila alipowasha.

Hatua ya 7: Tenganisha mpaka wa mashine na kosa la mtengenezaji

Mashine ya NES, ile ya televisheni ya Nintendo, ilimudu kuchora vitu vinane tu kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vinaanza kumetameta. Game Boy ilimudu kumi. Ukiona maadui wakimetameta wakiwa wengi, huo ni mpaka wa mashine. Lakini swali la mhakiki halijaisha: kwa nini mtengenezaji, akiujua mpaka huo, aliwapanga maadui wote kwenye mstari mmoja? Mpaka ni wa mashine, uamuzi ni wa mtu.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni Sonic the Hedgehog 2 ya 1992, ile iliyotoka kwenye mashine mbili za Sega, Master System ya televisheni na Game Gear ya mkononi. Kwenye Master System unaona eneo la pikseli 256 kwa 192. Kwenye Game Gear unaona 160 kwa 144 tu. Bosi wa kwanza anakuweka kwenye mteremko huku mipira ikidunda kukujia. Kwenye Master System unaiona ikija na unapata muda wa kupanga, kwenye Game Gear inatokea usoni mwako. Kukata picha hakukuepukika kwa sababu kioo kilikuwa kidogo. Kumpanga bosi huyo namna hiyo kwenye kioo hicho kulikuwa ni uamuzi, na uhakiki una haki ya kuulaumu.

Linganisha na Donkey Kong ya Game Boy, ya mwaka 1994. Inaanza na levo nne za mashine ya zamani ya kumbi za michezo, unadhani ndiyo yote, kisha inafunguka na kuendelea mpaka levo 101, nyingi zikiwa fumbo dogo linaloisha kwa dakika moja au mbili. Kioo ni kile kile kidogo, lakini kila fumbo limekatwa kwa kipimo cha kioo na cha muda wa mchezaji. Ukiziweka gemu hizi mbili kando kando, utaelewa kwamba kusema "kwa wakati wake ilikuwa sawa" hakutoshi. Wakati huo huo kulikuwa na waliofanya vizuri zaidi kwa mashine dhaifu zaidi. Kabla ya kuandika, tafuta gemu moja ya aina hiyo hiyo, ya kifaa hicho hicho, iliyotoka ndani ya mwaka mmoja au miwili, na uicheze walau saa moja. Hicho ndicho kipimo cha haki.

Hatua ya 8: Weka msimamo kuhusu kuhifadhi papo hapo

Emuleta na vifaa vipya vinakuruhusu kuhifadhi sekunde yoyote na kurudisha muda nyuma. Sioni ubaya, kwa mtu mwenye kazi na watoto huenda ndiyo njia pekee ya kumaliza gemu. Lakini hubadilisha gemu. Ghosts 'n Goblins inakulazimisha uimalize mara mbili ndipo uone mwisho wa kweli, na woga wa kupoteza kila kitu ndio ladha yake. Ukirudisha nyuma kila unapokosea, umeitembelea tu.

Ninavyofanya mimi: nusu ya kwanza nacheza kwa kanuni za asili. Nikishajua gemu inaniomba nini, nusu ya pili natumia msaada nikihitaji, na kwenye uhakiki nataja nilianzia wapi. Kama hukumaliza, sema umefika wapi na kwa nini uliacha. Kuacha kwa sababu gemu imechosha ni taarifa yenye thamani.

Hatua ya 9: Andika

Anza na kitu kilichotokea ndani ya gemu. Usianze na historia ya kampuni wala idadi ya nakala zilizouzwa. Msomaji atayapata hayo kwingine. Kisha jibu yale maswali mawili ya mwanzo, kila moja mahali pake.

Sentensi kama hii haina kazi: "Michoro ni mizuri, muziki ni mzuri, ila vitufe ni vigumu." Inafaa gemu yoyote. Ijaribu hivi, kwa Metroid II ambayo shujaa wake ni Samus: "Samus amechorwa mkubwa ili aonekane vizuri kwenye kioo cha Game Boy, na kwa sababu hiyo eneo unaloliona mbele yake ni dogo, mapango yanafanana, ramani hakuna, na nilipotea mara nyingi, lakini kubanwa huko ndiko kulikofanya kila mnyama anayetokea ghafla anishtue." Hapo msomaji ameona michoro, ukubwa wa kioo, ugumu na hisia kwa pamoja, na anaweza kuamua mwenyewe kama kupotea ni raha au karaha kwake. Kila sifa na kila lawama iwe na tukio nyuma yake.

Usitie chumvi. Ukiita kila gemu hazina iliyosahaulika, utakosa neno siku utakapoipata hazina yenyewe. Na usifichue mwisho. Miaka thelathini imepita lakini kuna mtu ataiwasha leo kwa mara ya kwanza.

Eleza pia ni nani atakayeifurahia. "Itamfaa mwenye dakika kumi kumi na asiyependa kusoma sana" ni msaada kuliko "itawafaa wapenzi wa gemu za zamani".

Hatua ya 10: Picha na alama

Piga picha za skrini kwenye ukubwa wa namba kamili, bila vichujio, au ukitumia kichujio kitaje. Ongeza picha moja ya kifaa kikiwa mkononi kwenye mwanga wa kawaida. Itamwonyesha msomaji kile ambacho picha safi ya skrini haiwezi. Picha zote zitoke kwenye toleo lile lile uliloandika juu yake.

Alama za namba si lazima. Ukizitoa, toa mbili: moja kwa gemu kwenye kifaa chake cha asili, moja kwa namna unavyoiona ikichezwa leo. Circle of the Moon inazihitaji zote mbili.

Kabla ya kuuachia uhakiki, washa gemu tena ucheze dakika kumi huku andiko likiwa kando. Hakiki kila jina, kila mwaka, kila namba ya levo. Kisha litunze daftari, na ukurasa wa toleo na kifaa uwe rahisi kuupata, kwa sababu atatokea msomaji mwenye katriji ya nchi nyingine atakayesema kwake bosi huyo ana rangi tofauti au muziki wake uko polepole. Linganisha matoleo naye, na mkikuta tofauti ni ya kweli, iongeze kwenye uhakiki wako pamoja na jina la toleo lake.